Mbona mafuta yangu ya nazi yameganda Nairobi?

Swali

"Mwalimu, habari za kazi. Mimi ni mama wa Kilifi ninayeishi Umoja, Nairobi. Shangazi yangu hunitumia mafuta ya nazi kwa basi, nami huyauza kwa chupa, ya kupikia na ya kupaka nywele. Mwezi wa Julai yaliganda yote yakawa meupe kama nta. Wateja wawili wamenirudishia chupa wakidai nimechanganya na mafuta ya kopo. Kwetu sijawahi kuona chupa ikikaa imeganda hivyo siku nzima. Mwanangu wa kidato cha tatu ananiambia ni 'nguvu kati ya molekuli', lakini nikimuuliza ni nguvu gani hizo anaanza kubabaika. Tena kama ni baridi, mbona mafuta ya alizeti yaliyokuwa rafu hiyohiyo hayakuganda? Na mbona petroli haigandi, na gesi ya mtungi ukiitikisa unasikia maji ndani lakini ikitoka ni hewa? Nisaidie, biashara inaharibika."

Jibu

Mama, tuanze na biashara, kemia itatufuata njiani. Mafuta ya nazi kuganda si dalili kwamba yamechakachuliwa. Mafuta halisi ya nazi huganda yakipoa chini ya nyuzi 24 au 25 hivi za Selsiasi. Kwenu mchana wa Julai hufika 27 au 28, na hata chupa ikipauka alfajiri, kufikia saa nne huwa imeshayeyuka. Nairobi mwezi huo ni habari nyingine. Usiku hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na siku ya mawingu mazito hata saa nane mchana watu hawavui sweta. Mzigo wa shangazi ulivuka mpaka wa nyuzi 24 ukiwa ndani ya basi, pengine usiku mahali fulani baada ya Voi, na hapakuhitajika mtu wa kuuchanganya na chochote.

Lakini nikuonye mapema: kuganda hakuthibitishi usafi pia. Mafuta ya kokwa za mchikichi huganda karibu palepale. Mteja wako hana ushahidi, nawe ukimwambia "yameganda, basi ni safi" huna ushahidi vilevile. Tutarudi hapo.

Sasa mwanao. Amesema kweli, ila amesema kama tunavyosema kwenye mtihani: maneno machache, alama moja, geuza ukurasa. Usimlaumu. Mimi nikiwa kidato cha pili niliandika kwamba maji yakichemka hugawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni, na kwamba ule mvuke ndio gesi hizo mbili. Mwalimu alisoma jibu langu kwa sauti, kisha akauliza darasa zima: kama ndivyo, mbona jiko la mama yake halijalipuka mpaka leo?

Kosa hilo ninalikuta kila mwaka kwenye madaftari, na ndilo linalofanya somo zima lisieleweke, kwa hiyo tulitoe kwanza. Molekuli ya maji ni atomi moja ya oksijeni iliyoshikana na mbili za haidrojeni. Ichukulie kama nyumba. Mshiko wa ndani unaoziunganisha atomi ndio kuta za nyumba hiyo, na kuta hizo ni imara. Nguvu anazozitaja mwanao ni kitu kingine: ni ujirani, yaani mvuto kati ya nyumba moja na nyingine. Maji yakichemka kwenye sufuria hakuna nyumba inayobomoka. Kila molekuli inabaki na oksijeni yake moja na haidrojeni zake mbili, ila inaachana na majirani na kwenda zake. Mvuke ni maji yaleyale yaliyotawanyika.

Tofauti ya nguvu hizi mbili ni kubwa. Kugeuza kilo moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunakula kilojuli 2,260 hivi za joto, na ndiyo maana sufuria hukaa ikitokota muda mrefu kabla haijakauka. Lakini kuzikata molekuli za kilo hiyohiyo hadi zibaki atomi mojamoja kungekula zaidi ya mara 20 ya hapo. Jiko lako la meko halina ubavu huo.

Kwa hiyo ukiuliza kwa nini kitu fulani ni kigumu, kingine ni majimaji na kingine ni hewa, unauliza swali la ujirani. Joto ni mtikisiko: molekuli zinahangaika, na kadiri joto linavyopanda zinahangaika zaidi. Ujirani unazivuta pamoja. Ujirani ukiushinda mtikisiko, kitu kinaganda. Mtikisiko ukiushinda ujirani kabisa, kitu kinapaa. Kati ya hapo ni majimaji: majirani bado wanavutana, lakini kila mmoja anaweza kumpita mwenzake. Nairobi na Kilifi zinatofautiana kwa mtikisiko tu. Ujirani wa mafuta yako haukubadilika njiani.

Mvuto wenyewe unatoka wapi? Hapa ndipo mwanao alipokwama, na hakukwama peke yake. Mholanzi Johannes Diderik van der Waals aliandika mwaka 1873, katika tasnifu yake ya Leiden, kwamba huwezi kueleza jinsi gesi zinavyogeuka kuwa majimaji usipokubali kwamba molekuli zina ukubwa na zinavutana. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1910. Lakini kwa nini zivutane hata zile zisizo na chaji yoyote, kama za mafuta au petroli, hilo lilingoja hadi mwaka 1930, Fritz London alipolieleza kwa hesabu za fizikia mpya ya wakati ule.

Nilieleze kwa beseni. Umewahi kubeba beseni la maji kichwani bila kifuniko. Hata utembee kwa madaha namna gani, maji yanacheza: mara yamejaa kulia, mara kushoto. Elektroni za molekuli, yaani zile chembe ndogo mno za atomi zenye chaji hasi, nazo hucheza hivyo bila kutulia. Kitambo kidogo mno upande mmoja una elektroni nyingi, basi upande huo unakuwa hasi kidogo na ule wa pili chanya kidogo. Molekuli jirani inahisi: elektroni zake zinasukumwa au kuvutwa, nayo inaegemea upande wa kulingana na mwenzake, na kwa kitambo hicho zinavutana. Mara inayofuata beseni limeegemea kwingine, na jirani anafuata tena. Mvuto mmoja kama huo ni dhaifu sana. Lakini upo kati ya kila molekuli na kila molekuli, na unaongezeka kadiri molekuli inavyokuwa kubwa, kwa kuwa elektroni ni nyingi na eneo la kugusana ni pana.

Udhaifu huo usikudanganye. Yule mjusi kafiri anayetembea darini kwenu kichwa chini hana gundi miguuni. Jamaa zake wakubwa wa Asia walipopimwa na watafiti wa Marekani mwaka 2000, kila mguu ulikuwa na vinywele vidogo karibu nusu milioni, na ncha ya kila unywele imegawanyika tena mara mamia. Mwaka 2002 watafiti hao walionyesha kwamba kinachomshika ni mvuto huuhuu wa van der Waals, wa kugusana tu. Kila ncha inavuta kidogo sana, ila ncha ni nyingi.

Tukitaka kuuona mvuto huu peke yake, bila kitu kingine kuingilia, mafuta ghafi ya petroli ndiyo darasa zuri. Kile kiwanda cha Changamwe, Mombasa, kilichoacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013, kilikuwa kikifanya kazi ambayo kimsingi ni kupanga molekuli kwa ujirani wao. Zote ni kaboni na haidrojeni, zimeungana kama shanga kwenye uzi. Shanga moja ya kaboni ni methani, inayochemka nyuzi 162 chini ya sifuri. Tatu ni propani, 42 chini ya sifuri. Nne ni butani, karibu na sifuri yenyewe. Nane ni okteni, mojawapo ya vitu vya petroli, nyuzi 126 juu ya sifuri. Ongeza shanga unapata mafuta ya taa, halafu dizeli. Shanga 20 hadi 40 ni nta ya mshumaa, ambayo unaishika mkononi. Mwishoni, chini ya mnara wa kiwanda unaoyachemsha na kuyatenganisha, kunabaki lami, ile inayolainika kidogo tu jua la Februari likiiwakia barabarani. Kuanzia gesi hadi lami kilichobadilika zaidi ni ukubwa wa molekuli, na pamoja nao wingi wa mvuto.

Hapo umeshajibiwa kuhusu petroli. Nyuzi zake ni fupi, nyingine zina matawi yasiyozikubalia kulaliana vizuri, tena ni mchanganyiko wa aina nyingi zinazovurugiana mpangilio. Ili igande inahitaji baridi ya makumi ya nyuzi chini ya sifuri, ambayo Nairobi haiijui.

Na gesi ya mtungi ni propani na butani. Kwa joto la Nairobi zote mbili zingetaka kuwa hewa, maana ujirani wao ni mdogo. Kiwandani husongwa kwa shinikizo hadi molekuli zikaribiane vya kutosha kushikana, nazo zinageuka majimaji, ndiyo unayasikia ukitikisa. Ukifungua koki shinikizo linapungua juu ya majimaji, na yanachemka palepale ndani ya mtungi, bila moto. Kuchemka kunahitaji joto, hata huku, na joto hilo linatolewa kwenye chuma cha mtungi. Gusa mtungi baada ya kupika muda mrefu utakuta ni baridi, pengine umetoka jasho kwa nje. Asubuhi za Julai moto huwa mnyonge kwa sababu hiyohiyo, na mtungi ukielekea kuisha unyonge unazidi, kwani propani yenye haraka imetangulia kutoka na iliyobaki zaidi ni butani. Nimeona watu wakiulaza mtungi ubavuni au kuuweka juu ya beseni la maji ya moto ili wanyonye ya mwisho. Tafadhali usifanye. Ukiulaza, majimaji yenyewe yanaweza kuingia kwenye mpira, na majimaji hayo yakigeuka hewa hupanuka zaidi ya mara 200.

Sasa tufike kwenye rafu yako, maana swali lako la alizeti ndilo bora kuliko yote na nadhani hujui kwamba ni bora.

Ukishika kanuni ya shanga pekee, utapotea. Molekuli ya mafuta ya kupikia, ya nazi au ya alizeti, ni kama uma wa meno matatu: minyororo mitatu mirefu ya kaboni iliyofungwa kwenye kishina kimoja. Katika mafuta ya nazi karibu nusu ya minyororo ina kaboni 12. Katika alizeti karibu yote ina kaboni 18. Kwa hesabu ya shanga alizeti ndiyo ingeganda kwanza, na ya nazi ibaki maji. Umeona kinyume chake kwa macho yako.

Siri ni umbo. Fikiria mzigo wa kuni. Kuni zilizonyooka zinalaliana ubavu kwa ubavu, kamba inakaza, mzigo ni mmoja. Changanya humo vijiti vilivyopinda viwiko, haukazi hata ufanye nini, kila mahali pana nafasi. Minyororo ya mafuta ya nazi, karibu asilimia 90, imenyooka: kila kaboni imeshika haidrojeni zote inazoweza, ndiyo wanaita mafuta yaliyoshiba. Minyororo mingi ya alizeti ina mahali pawili ambapo haidrojeni zimepungua, na kila mahali hapo pana kiwiko. Mvuto niliouelezea kwa beseni unafanya kazi kwa kugusana. Umbali ukiongezeka kidogo tu, unaporomoka. Viwiko vinaweka umbali. Ndiyo maana alizeti inabaki maji hata ndani ya friji.

Kuna mfano ninaoupenda kuliko yote katika somo hili. Asidi ya steariki, ambayo ni mnyororo mmoja uliojitenga na kishina, na inapatikana kwenye mafuta ya ng'ombe, ina kaboni 18 zilizonyooka, nayo huyeyuka nyuzi 69. Asidi ya oleiki, ya mafuta ya zeituni, ina kaboni 18 vilevile, ila imepungukiwa na haidrojeni mbili tu, hivyo ina kiwiko kimoja katikati. Yenyewe huyeyuka nyuzi 13. Haidrojeni mbili, ambazo ni chepesi kuliko vitu vyote, zimeshusha kiwango kwa nyuzi zaidi ya 50. Uzito haukubadilika wa kutajika. Kilichobadilika ni jinsi majirani wanavyoweza kusogeleana.

Huenda utaniuliza: kama nazi imenyooka kiasi hicho, mbona haigandi hata Kilifi, ilhali mafuta ya nyama ya ng'ombe, ambayo nusu tu ya minyororo yake imenyooka, yanagandia mdomoni hata Mombasa? Hapo kanuni ya shanga inarudi. Ya ng'ombe ni mirefu, kaboni 16 na 18, ya nazi mingi ni 12 na mingine mifupi zaidi. Kuni fupi zinalaliana vizuri lakini hazina urefu wa kushikana. Kwa hiyo mafuta ya nazi yanavutwa huku na huku na mambo mawili, unyofu unaoyapandisha na ufupi unaoyashusha, yakaishia nyuzi 24: katikati kabisa ya Kilifi na Nairobi.

Na yale mafuta ya kopo unayoshtakiwa kuyachanganya? Mjerumani Wilhelm Normann alipata hataza mwaka 1902 ya kuvipiga viwiko hivyo haidrojeni hadi vinyooke, mafuta ya maji yakawa magumu. Tatizo likaja baadaye: viwiko vingine havikupata haidrojeni, vilinyooka tu vikabaki na upungufu wao, na hayo ndiyo mafuta yanayosemwa kudhuru moyo, ambayo mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitaka yaondolewe kwenye chakula. Mengi ya kopo hapa kwetu siku hizi msingi wake ni mawese, ambayo ni magumu kiasi bila kupigwa haidrojeni. Hilo tuliache.

Bado maji, ambayo mwanao atayakuta mtihanini bila shaka. Molekuli yake ni ndogo mno. Ukiipima, ni nyepesi kuliko hata propani ya mtungini, kwa zaidi ya nusu. Kwa mvuto wa beseni pekee maji yangechemka nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri na dunia isingekuwa na bahari. Ndugu yake wa karibu, ile gesi yenye harufu ya mayai viza unayoinusa ukipita karibu na visima vya mvuke vya Olkaria, Naivasha, imejengwa vilevile ila badala ya oksijeni ina salfa. Ni nzito karibu mara mbili ya maji. Inachemka nyuzi 60 chini ya sifuri.

Oksijeni ndiyo mwenye lawama. Ni mchoyo wa elektroni: inazivutia kwake kutoka kwa haidrojeni, basi upande wake unakuwa hasi daima, si kwa kitambo, na haidrojeni zinabaki karibu uchi, chanya daima. Haidrojeni ya molekuli moja inaelekea oksijeni ya jirani na kuishika. Bondi hiyo ya haidrojeni bado ni dhaifu ukiilinganisha na kuta za nyumba, lakini ni imara mara kadhaa kuliko mvuto wa beseni kwa molekuli ndogo kama hii, na kila molekuli ya maji inaweza kushikana na majirani wanne. Ndiyo inayofanya tone lijikunje kama kidonge juu ya jani la mgomba na mdudu atembee juu ya dimbwi bila kuzama. Barafu nayo huelea kwa sababu hiyo, maana katika kuganda molekuli zinapangana kwa nafasi ili kila mmoja awashike wanne wake. Vitu vingi vikiganda huzama ndani ya majimaji yake. Mafuta yako yakianza kuganda, angalia chupa: chembe nyeupe zitashuka chini.

Ukitaka kumthibitishia mtu kwamba si wingi wa atomi wala uzito, mpe hii. Spiriti ya ethanoli na gesi iitwayo dimethili itha zina atomi zilezile hesabu kwa hesabu: kaboni 2, haidrojeni 6, oksijeni 1. Uzito sawasawa. Katika ethanoli haidrojeni moja imeshikwa na oksijeni, hivyo bondi za haidrojeni zipo, nayo huchemka nyuzi 78. Katika ile nyingine oksijeni imefungiwa kati ya kaboni mbili, haina haidrojeni ya kuivua elektroni, nayo huchemka 24 chini ya sifuri. Nyuzi zaidi ya 100 kwa sababu ya mahali ilipokaa atomi moja.

Upande mbaya wa jambo hili Nairobi inaujua. Methanoli nayo ina bondi hizo, inachanganyika na maji kabisa kama ethanoli, haina rangi, na kiwango chake cha kuchemka, nyuzi 65, hakiko mbali na 78. Jicho na ulimi havitaitenganisha, wala mtambo wa pipa wa kukeneka pombe hautaitoa yote. Novemba 2000 pombe ya kumi kumi yenye methanoli iliua watu zaidi ya mia moja kwenye mitaa ya mabanda ya jiji hili.

Jambo moja dogo ambalo wewe wa pwani umeshaligundua kwa mfuko: maharagwe ya Nairobi yanakula makaa. Molekuli zinatoka kwa wingi wa kuchemka pale msukumo wa mvuke unapolingana na msukumo wa hewa ya juu yake. Huku tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji yanachemka nyuzi 94 badala ya 100 za Kilifi. Ukiongeza moto yanatokota kwa fujo, hayawi moto zaidi. Sufuria ya presha inayapandisha hadi karibu 120.

Turudi kwa wateja wako. Kama unataka kujiridhisha wewe mwenyewe kuhusu mzigo, weka vijiko viwili vitatu kwenye kikombe cha kioo ndani ya friji usiku kucha. Mafuta ya nazi matupu yatakuwa magumu yanayokatika kama nta. Yakiwa laini kama siagi au kuna majimaji juu, kuna uwezekano yamepigwa mafuta ya maji. Hicho ni kipimo cha nyumbani, si cha mahakamani, na kama nilivyosema, hakitakamata mafuta ya kokwa za mchikichi. Maabara zina njia bora: hupima ni iodini kiasi gani inayoweza kunaswa na mafuta, kwa kuwa iodini hujishika palepale penye viwiko. Mafuta ya nazi hupata kati ya 6 na 11. Alizeti hupita 118. Mtu akimwaga alizeti humo, namba inaruka. Kwa kumtambua yule wa mchikichi wanaitenganisha minyororo mmojammoja na kuihesabu. Biashara ikikua, peleka sampuli mara moja upate karatasi, itakulipa.

Kuyeyusha, weka chupa kwenye bakuli la maji ya vuguvugu, yale ambayo mkono unastahimili. Usiweke motoni. Yakiganda tena polepole usiku hutoka na chembechembe kama semolina, na mteja atadhani yameharibika. Hayajaharibika, ila kila aina ya mnyororo imeganda kwa zamu yake na kujikusanya na wenzake. Ukitaka yawe laini yeyusha yote kabisa kisha yapoze haraka kwenye friji.

Na kuanzia Juni hadi Agosti acha chupa zenye shingo nyembamba. Uza kwenye mikebe ya mdomo mpana, mtu achote kwa kijiko, na ubandike karatasi: "Huganda chini ya nyuzi 24. Kwetu Kilifi ni maji." Mwanao aiandike yeye.